Giaboksi Otomatiki Kuukuu: Pima Kwanza, Fungua Baadaye

Magari mengi yanayotembea Dar es Salaam, Mombasa na Kampala yaliundwa Japani, yakatumika huko kwa miaka kadhaa, kisha yakapakiwa melini kuja kwetu. Kenya huruhusu kuingiza gari lenye umri usiozidi miaka 8. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haizuii kwa umri, ila hutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Baada ya kushuka bandarini, gari hilo huishi nasi miaka mingine 10 au 15, likipita mikononi mwa wamiliki wawili watatu. Sehemu kubwa ya magari hayo ni otomatiki, na hapo ndipo swali la makala haya linapogusa mifuko ya wengi: giaboksi otomatiki ya gari la zamani ikianza kusumbua, tufanye nini?

Jibu linalosikika katika gereji nyingi ni fupi: giaboksi imekufa, tafuta nyingine. Hukumu hiyo mara nyingi hutolewa kabla kipimo chochote hakijafanyika. Dalili ileile moja inaweza kusababishwa na injini, na oili, na umeme au na uchakavu wa ndani, na gharama ya kila kimoja ni tofauti kabisa na ya mwenzake. Anayeruka vitatu vya kwanza na kwenda moja kwa moja kwenye cha nne anaweza kununua giaboksi nyingine, akaifunga, na tatizo likabaki palepale.

Kinachofanya kazi ndani

Giaboksi otomatiki ya kwanza kuuzwa kwa wingi ilikuwa Hydra-Matic ya General Motors, iliyofungwa kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Miundo imebadilika sana tangu hapo, lakini kazi ya kubadilisha gia kwa nguvu ya oili bado ndiyo ileile hata ndani ya Corolla ya mwaka 2002.

Kati ya injini na giaboksi pana tokonveta, ngoma iliyojaa oili na yenye mapangaboi ndani yake. Upande mmoja huzungushwa na injini na kurusha oili. Upande wa pili husukumwa na oili hiyo na kupeleka nguvu kwenye giaboksi. Ndiyo maana gari linaweza kusimama kwenye foleni likiwa kwenye D bila injini kuzima. Ndani ya ngoma hiyo, katika giaboksi nyingi, mna klachi inayofunga pande hizo mbili pamoja mwendo ukishatulia, ili nguvu isipotee bure. Nyuma ya tokonveta zimo seti za gia ambazo uwiano wake hubadilika sehemu moja inaposhikwa na nyingine kuachiwa. Kazi ya kushika na kuachia hufanywa na pleti za klachi na breki za ndani, zinazobanwa kwa shinikizo la oili. Shinikizo linatoka kwenye pampu inayozungushwa na injini, na kinacholigawa ni valvu bodi, kipande cha aluminiamu chenye valvu na njia nyembamba zinazopindana. Kwenye giaboksi zinazoongozwa na kompyuta, valvu hizo huamriwa na solenoidi, yaani vifaa vidogo vinavyofungua na kufunga njia za oili kwa umeme.

Mambo mawili yanatokana na mpangilio huo, na kila mwenye gari anapaswa kuyajua. Kwanza, oili ya giaboksi hufanya zaidi ya kulainisha. Inapeleka nguvu, inabana klachi, inapoza na inasafisha. Ikipungua au ikiharibika, kazi zote nne huyumba kwa pamoja. Pili, injini ikizimwa, pampu nayo inasimama. Kwa hiyo gari la otomatiki haliwashiki kwa kusukumwa, na kulivuta kwa kamba magurudumu yanayoendesha yakiwa chini ni kuisaga giaboksi bila oili. Likiharibika njiani, libebwe juu ya gari jingine, au magurudumu yanayoendesha yanyanyuliwe.

Lawama zisizo za giaboksi

Uchunguzi mzuri huanzia nje. Gari linalogonga unapoingiza D au R linaweza kuwa na maunti ya injini iliyokatika tu. Linaweza pia kuwa na silensa iliyo juu, yaani injini inazunguka kwa kasi mno gari likiwa limesimama, hivyo klachi inaposhika inapokea nguvu kupita kiasi. Jointi za ekseli zilizolika nazo hutoa mlio ambao wengi huutwika giaboksi.

Gari linalotetemeka kwenye mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa ni mfano mwingine. Inaweza kuwa klachi ya tokonveta inateleza, au plagi na koili zimechoka na injini inakosa moto. Ipo njia rahisi ya kutenganisha. Gari likiwa linatetemeka barabarani, mahali pasipo na gari nyuma, shikilia kanyagio la mafuta palepale kisha gusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto, kiasi cha taa za nyuma kuwaka tu. Kugusa huko huiambia kompyuta iachie klachi ya tokonveta. Mtetemo ukikoma papo hapo, anza kuichunguza klachi hiyo na oili yake. Ukiendelea, rudi kwenye injini.

Sababu nyingine ya nje inatokana na desturi yetu wenyewe: kung'oa thamostati. Fundi huiondoa ili injini isichemke, mwenye gari anaridhika, kisha miezi inapita na gari linaanza kuchelewa kuingia gia ya mwisho, hasa asubuhi au kwenye nyanda za baridi kama Njombe na Limuru. Kompyuta za Toyota nyingi hukataza gia ya juu na kufungwa kwa tokonveta mpaka maji ya injini yafike joto lililowekwa, karibu nyuzi 60 kutegemea modeli. Bila thamostati, injini huchelewa kufika hapo na wakati mwingine haifiki kabisa. Giaboksi inatii amri, nasi tunaihukumu. Dawa yake ni thamostati mpya na rejeta safi.

Kwenye giaboksi za miaka ya 1980 na 1990 ipo pia kebo inayotoka kwenye throto hadi ndani ya giaboksi. Kwa kebo hiyo giaboksi hujua mguu umekanyaga kiasi gani, nayo huongeza au kupunguza shinikizo. Ikilegea, gia hubadilika mapema na klachi huteleza na kuungua. Ikikazwa mno, gia huchelewa na kugonga. Katika Toyota za aina hiyo, kanyagio likiwa limekanyagwa mpaka mwisho, alama iliyo juu ya kebo inatakiwa iwe milimita 0 hadi 1 kutoka kwenye ncha ya mfuniko wa mpira. Marekebisho hayo ni kazi ya spana mbili, na yamewahi kuachwa giaboksi nzima ikashushwa.

Oili: ushahidi wa kwanza

Baada ya nje, fuata oili. Namna ya kuipima hutofautiana kwa kampuni. Toyota yenye kijiti hupimwa gari likiwa limepata moto, limesimama sehemu tambarare, injini ikiunguruma. Mkono wa gia hupitishwa taratibu kutoka P hadi L na kurudi P, ndipo kijiti husomwa kwenye alama ya moto. Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imezimwa muda mfupi baada ya gari kupata moto. Toyota nyingi za miaka ya karibuni hazina kijiti kabisa. Hupimwa kwa tundu la chini, oili ikiwa kwenye joto la karibu nyuzi 40. Fundi anayepima zote kwa njia moja hujaza kidogo au kupita kiasi, na yote mawili ni hatari, kwa kuwa oili iliyozidi hupigwa na gia ikatoka povu, na povu haliwezi kubana klachi.

Rangi na harufu navyo vinaeleza mengi. Oili nyekundu au ya kahawia nyepesi isiyonuka ni ya kawaida kwa umri wake. Oili nyeusi inayonuka kuungua inaonyesha pleti za klachi zinateketea. Oili iliyogeuka pinki na nzito kama maziwa ina maji, ama ya rejeta yaliyovuja kupitia kipoza oili kilicho ndani yake, ama ya mafuriko yaliyoingia kwa bomba la kupumulia. Hii ya mwisho haisubiri kesho, kwa sababu maji hulegeza gundi inayoshika nyuzi za pleti, na gari linaweza kuonekana zima leo likakataa kwenda wiki mbili baadaye.

Sampo, yaani beseni la oili lililo chini ya giaboksi, ikifunguliwa, tazama sumaku zilizo ndani yake. Ute laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Chembe ngumu za chuma zinazonaswa na sumaku hutoka kwenye beringi, gia au pleti. Chembe za rangi ya shaba zisizonaswa hutoka kwenye bushi. Mwambie fundi akuonyeshe sampo hiyo kabla hajaiosha.

Hapa ndipo unapozuka ubishi mkubwa kuliko wote: je, kubadilisha oili kwenye giaboksi kuukuu kunaiua? Imani hiyo imeenea, na ina chanzo cha kweli. Watu wengi hukumbuka oili siku gari linapoanza kuteleza. Wakati huo pleti zimekwisha, na unga wake ulio ndani ya oili ndio unaosaidia kidogo kushika. Oili mpya inapoingia, unga unatoka, gari linakataa, na lawama inaangukia oili. Kilichoua ni miaka ya kutobadilisha. Kwa giaboksi ambayo bado inafanya kazi vizuri, kubadilisha ni kuirefushia maisha. ZF ya Ujerumani, moja ya watengenezaji wakubwa wa giaboksi duniani, hupendekeza oili ibadilishwe kila kilomita 80,000 hadi 120,000 au kila miaka 8, hata kwenye magari yanayouzwa kwa ahadi kwamba oili hiyo ni ya maisha yote.

Njia salama kwa gari la zamani ni kubadilisha kwa awamu, bila kusukuma kwa mashine ya shinikizo. Giaboksi ya U340E, iliyo kwenye Corolla na Vitz nyingi, hubeba karibu lita 7, lakini ukifungua nati ya chini zinatoka lita 3 hivi tu. Nyingine hubaki kwenye tokonveta na mabomba. Ukimwaga na kujaza mara tatu, ukiendesha siku kadhaa katikati, zaidi ya asilimia 80 ya oili itakuwa mpya, na uchafu utakuwa umetoka taratibu. Kama oili tayari ni nyeusi, inanuka na gari linateleza, usitarajie oili mpya iponye. Weka fedha hiyo kwenye matengenezo yenyewe.

Aina ya oili nayo si ya kubahatisha. Toyota za miaka ya 1990 nyingi hutumia Dexron II au III, zilizofuata hutumia Type T-IV, na za baadaye hutumia WS, ambayo ni nyepesi zaidi. Dexron ya mwaka 1967 ilitiwa mafuta ya nyangumi ili klachi zishike bila kugonga. Marekani ilipoyapiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanakemia walilazimika kuunda oili upya, na michanganyiko ya mwanzo ilileta matatizo. Tofauti ndogo ya kikemia hubadilisha namna klachi inavyoshika. Soma kijiti au kitabu cha gari, ununue kilichoandikwa hapo.

Umeme: wagonjwa wanaopona bila upasuaji

Gari linalobaki kwenye gia moja, linaloruka gia, au linalofanya vizuri likiwa baridi na kukataa likipata moto, lipimwe umeme kwanza. Anza na betri, altaneta na waya za athi kwenye bodi. Solenoidi inayopata umeme hafifu haifunguki sawasawa. Kisha zisomwe kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta.

Toyota nyingi za miaka ya 1990 huweza kusomwa hata bila mashine. Kwenye kisanduku cha majaribio kilicho chini ya boneti, tundu la TE1 huunganishwa na E1 kwa waya mfupi, ufunguo unawekwa kwenye ON bila kuwasha injini, na taa ya O/D OFF huanza kupepesa namba. Kodi 42 na 61 ni za sensa za mwendo, 62 na 63 ni za solenoidi za kubadilisha gia, 64 ni ya solenoidi ya klachi ya tokonveta. Kwa magari yanayosomwa kwa mashine, P0741 inaelekeza kwenye klachi ya tokonveta, P0750 kwenye solenoidi ya kwanza ya gia, P0715 na P0720 kwenye sensa za mzunguko.

Kodi inataja mzunguko wa umeme wenye hitilafu, na haithibitishi kwamba kifaa kilichotajwa kimekufa. Kabla ya kununua solenoidi, pima ukinzani wake kwa mita. Zile za kubadilisha gia kwenye Toyota za kasi nne huwa kati ya omu 11 na 15 zikiwa baridi. Ikisoma vizuri, fuatilia waya na soketi zake. Panya, kutu na waya zilizoungwa kwa selotepu vimewafanya watu wengi wanunue giaboksi wasizozihitaji.

Kipo kipimo kimoja kinachokata mzizi wa fitina kati ya umeme na mitambo. Kwenye A340E, iliyofungwa katika Toyota nyingi zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma tangu miaka ya 1980, chomoa soketi ya solenoidi, kisha endesha. Kompyuta ikiwa haina tena amri, mkono wa gia peke yake ndio unaoamua: D hutoa gia ya nne, 2 hutoa ya tatu, L hutoa ya kwanza. Gia zote zikipatikana hivyo, mitambo ya ndani ni mizima na ugonjwa uko kwenye umeme. Mpangilio hutofautiana kwa modeli nyingine, hivyo kitabu cha gari husika kitangulie.

Vipimo vya mitambo

Ikiwa nje, oili na umeme vyote ni safi, sasa ni zamu ya mitambo. Kipimo cha kwanza ni cha muda. Injini ikiwa na moto na breki imekanyagwa, hamisha kutoka N kwenda D na uhesabu hadi gari lishtuke kidogo kwa kushika; Toyota huelekeza usizidi sekunde 1.2. Kutoka N kwenda R usizidi 1.5. Muda ukizidi pande zote, shinikizo ni dogo: pampu, filta au sili zilizokakamaa. Ukizidi upande mmoja, klachi ya upande huo imechoka.

Cha pili ni kukanyaga mafuta hadi mwisho gari likiwa limezuiwa kwa breki zote na vigingi, kwenye D kisha R, na kusoma mizunguko ya injini. Kisizidi sekunde 5, mtu asisimame mbele wala nyuma, oili iachwe ipoe kabla ya kurudia, na gari lenye breki dhaifu lisifanyiwe kabisa. Mizunguko ikiwa chini ya iliyoandikwa kitabuni, injini ni dhaifu au tokonveta ina kasoro. Ikiwa juu pande zote, shinikizo ni dogo. Ikiwa juu upande mmoja tu, klachi za upande huo zinateleza.

Cha tatu ni geji ya shinikizo inayofungwa kwenye tundu lililo ubavuni mwa giaboksi. Fundi wa giaboksi asiye na geji hiyo anabahatisha, hata kama mikono yake ni mizuri.

Kukarabati au kununua iliyotumika

Vipimo vikithibitisha uchakavu wa ndani, mwenye gari ana njia mbili. Giaboksi zilizotumika hupatikana Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi na soko la Kisekka jijini Kampala. Faida yake ni haraka. Hasara ni kwamba historia yake haijulikani. Linganisha maandishi ya kibao cha gari, mstari wa TRANS/AXLE, na ya giaboksi unayouziwa, pamoja na idadi ya soketi na sensa. Nusa oili iliyobaki ndani. Kataa iliyolazwa juani matundu yakiwa wazi. Andikiana na muuzaji siku za dhamana.

Kukarabati kunachukua muda zaidi, lakini unajua ulichonacho: sili na gasketi zote mpya, pleti mpya, filta mpya, valvu bodi iliyofunguliwa na kusafishwa, tokonveta iliyokaguliwa. Kazi inayobadilisha pleti zilizoungua bila kutafuta kilichoziunguza itarudi gereji.

Njia yoyote utakayochagua, mambo mawili hayana mjadala. Kipoza oili na mabomba yake yasafishwe au yabadilishwe, kwani chembe za giaboksi ya zamani zikiachwa humo zitaiua mpya. Tokonveta nayo isukumwe hadi ikae kwenye pampu kabla ya kufunga bolti. Ikikazwa kabla haijakaa, pampu huvunjika siku hiyohiyo.

Neno kuhusu CVT

Premio, Allion na Vitz nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 2000, pamoja na Nissan za wakati huo, zina CVT: mkanda wa chuma kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Oili yake ni ya pekee. Oili ya giaboksi ya kawaida ikiwekwa humo, mkanda huteleza na kuzikwaruza puli, na uharibifu huo haurekebishiki kwa urahisi. CVT za mwanzo zilikuwa na udhaifu wa kweli. Nissan huko Marekani ilirefusha dhamana ya CVT za magari ya 2003 hadi 2010 kufikia miaka 10 au maili 120,000. Anayenunua gari la aina hii aendeshe mlimani na kwenye foleni mpaka lipate moto, asikilize mlio wa kuvuma na mtikisiko, kabla ya kulipa.

Hukumu

Giaboksi nyingi za kasi nne tulizonazo ni imara na zinatengenezeka. Tunachokosa ni utaratibu: nje, oili, umeme, kisha mitambo, kila hatua ikiandikwa. Vyuo vya ufundi viwafundishe vijana geji na mita kwa bidii ileile wanayofundishwa kufungua bolti, na wamiliki wakubali kulipia uchunguzi kama kazi kamili, kwa sababu fundi asiyelipwa kwa kupima atapima nini? Nawe mwenye gari, kabla ya kutoa fedha ya giaboksi nyingine, mwombe fundi majibu manne kwenye karatasi: oili ikoje, kodi zinasema nini, solenoidi zinasoma omu ngapi, na shinikizo ni kiasi gani. Akikosa majibu hayo, usikubali giaboksi ishushwe.